Barua Pepe Nayo Ina Haki ya Karatasi Yake

Katika ofisi nyingi za wilaya za Karagwe na Kyerwa, iwe ni chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, zahanati ya kanisa, shule ya sekondari au kikundi cha akiba na mikopo, barua rasmi bado hufuata njia ambayo kila karani anaijua barabara: huchapwa kwenye kompyuta, hutolewa juu ya karatasi yenye jina na anwani ya ofisi, hutiwa saini na kugongwa muhuri, kisha, kwa kuwa anayeandikiwa yuko Bukoba, Dar es Salaam au ng'ambo, karatasi ile ile hupelekwa steshenari ikaskaniwe au hupigwa picha kwa simu, na picha hiyo ndiyo hutumwa kwa barua pepe isiyo na neno hata moja ndani yake, si salamu wala maelezo.

Chimbuko la mwenendo huu ni jema, wala silidharau. Barua kwetu ni amana, na mwenye kuipokea hutaka kwanza kujua imetoka kwa nani na kwa idhini ya nani. Adabu hiyo si ngeni katika nchi ya Karagwe, kwa maana pale Kafuro, walikoweka makao wafanyabiashara wa Kiarabu katika karne ya 19 na alikopita mpelelezi Stanley mwaka 1876 alipokuwa akienda kwa Omukama, yaani mfalme, Rumanyika, walikaa watu wa desturi ya pwani, ambako barua haikuanza kwa haja bali kwa jina la Mwenyezi Mungu, kisha cheo na sifa za anayeandikiwa, kisha salamu kamili, ndipo mwandishi akaeleza lake. Taadhima ya barua hutangulia maneno yake, na kwa sababu hiyo ofisi inayotuma barua pepe tupu, isiyo na alama wala jina juu yake, huona imekwenda uchi mbele ya watu.

Lakini dawa iliyochaguliwa ni mbaya kuliko ugonjwa. Barua iliyogeuzwa kuwa picha aghalabu haitafutiki ndani ya sanduku la barua hata ukikumbuka neno lake moja. Anayetaka kunakili namba ya kumbukumbu au kiasi cha fedha mara nyingi hulazimika kuichapa upya. Na kipofu anayesomewa na kompyuta mara nyingi haambulii kitu. Tena ni nzito. Picha moja ya simu aghalabu hufikia megabaiti tatu au nne, na kwa kuwa utaratibu uliowekwa mwaka 1992 wa kusafirisha picha ndani ya barua pepe huzigeuza kila baiti tatu kuwa herufi nne, mzigo huo huongezeka kwa theluthi njiani, ilhali maneno yenyewe ya barua hayazidi kilobaiti chache. Anayelipia uzito huo ni katibu wa chama kule Kaisho au Murongo, anayefungua barua kwa bando alilonunua kwa fedha yake.

Ninachokitaka ni kwamba kila ofisi iwe na karatasi yake ya barua pepe, iliyotengenezwa ndani ya kompyuta mara moja na kutumika daima. Kazi yenyewe ni nyepesi. Nembo au picha hupunguzwa kwanza katika programu ya picha mpaka upana wake usizidi pikseli 600, ikahifadhiwa kwa namna ya JPEG ikiwa ni picha ya kamera, au PNG ikiwa ni nembo yenye rangi chache, na ikiwezekana isifike kilobaiti 50. Kisha hufunguliwa barua mpya katika Thunderbird, Outlook au Gmail, picha ikawekwa juu, na chini yake jina la ofisi, sanduku la posta na simu vikaandikwa kwa herufi za kawaida, na barua hiyo ikahifadhiwa kama kiolezo, ili karani akiifungua kesho aikute tayari, abakiwe na kazi ya kuandika tu. Anwani isiwe ndani ya picha, kwa kuwa baadhi ya programu huficha picha hadi msomaji aziruhusu, na barua ambayo jina lake limefichwa pamoja na picha hurudi kuwa barua isiyo na mwenyewe.

Watasema muhuri je? Mkataba unaohitaji saini na uambatishwe kama ulivyo, ingawa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imekwisha kuitambua saini ya kielektroniki. Lakini mwaliko wa kikao, taarifa ya bei na majibu ya maombi havihitaji kupigwa picha.

Na picha gani iwekwe? Hapa nasema kwa hisia, kwa kuwa nimechoka kuona maua ya waridi na machweo ya bahari za watu juu ya barua zitokazo katika nchi ya vilima na migomba. Karagwe ilikuwa na alama za enzi kabla hatujajua kompyuta: ng'ombe wa chuma wa hazina ya wafalme wa Karagwe pale Bweranyange, kazi ya wahunzi inayonasibishwa na zama za Ndagara, babaye Rumanyika, ni umbo jepesi, la mistari michache, linalopendeza hata likiwa dogo kama kidole. KDCU, ushirika wetu mkuu wa wakulima wa kahawa tangu mwaka 1990, na vyama vyake vina tawi la buni, na Kyerwa, iliyokuwa wilaya mwaka 2012, ina mto Kagera mpakani mwake. Nembo ya Taifa isichukuliwe na asiyeruhusiwa, wala sura za watoto na wagonjwa zisifanywe mapambo pasipo ridhaa, jambo ambalo sasa lina sheria yake ya mwaka 2022.

Naziomba steshenari za Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Murongo, ambazo kadi zao za harusi zinadhihirisha ustadi, ziitangaze kazi hii pamoja na bei yake. Na makatibu wa vyama vya msingi waifanyie hima, kabla msimu ujao wa kahawa haujafunguliwa.