Kongamano si posho tu

Mwezi huu safu yetu iko Ujiji, pale ambapo Henry Morton Stanley alikutana na Dk. David Livingstone mwaka 1871. Habari hiyo tuliisoma shuleni. Wengi tunachosahau ni kwamba aliyetangulia kumlaki Stanley hakuwa Livingstone mwenyewe. Alikuwa Susi, mtumishi wake, aliyejitokeza kwenye umati akamsalimia kwa Kiingereza, kisha akakimbia kumpasha bwana wake habari.

Nalisema hili kwa sababu semina na makongamano hayaishi, na dada zangu wengi hurudi na begi la bure, kalamu na posho basi. Wote wanamkimbilia mgeni rasmi wapige naye picha. Kesho yake hawakumbuki hata sura! Mimi nakwambia, mtafute Susi: katibu anayepanga ratiba, au ofisa aliyemwandikia bosi hotuba. Huyo ndiye anayejua barua yako itasomwa na nani.

Pili, tawanyikeni. Mmetoka Kigoma watatu, njia nzima mmepiga soga, halafu ukumbini mnakaa meza moja na chai mnakunywa pamoja! Kaa na usiyemjua. Cheo chako kiweke pembeni, sema kazi yako: "Nanunua dagaa kwa akina mama wa mwalo wa Kibirizi, natafuta mtu anayejua mambo ya vifungashio." Hapo mtu anapata pa kushika.

Sasa lile linalotuumiza. Atatokea mheshimiwa aseme mazungumzo ya kazi yaendelee usiku, hotelini kwake. Wengine huogopa kukataa wakidhani wanakosa dili. Wengine huacha kabisa kuomba namba za watu. Kwa nini ukose vyote? Mjibu kwa heshima: "Asante kaka, tuonane kesho saa nne wakati wa chai, nitakuja na mwenzangu." Mwenye nia ya kazi atakuja. Asipokuja, hujapoteza kitu. Nawe shemeji, mkeo akirudi na namba kumi za wanaume usianze kuzihesabu. Muulize ipi italeta kazi.

Mwisho, kupeana namba ni mwanzo tu. Baada ya kusalimiana, Stanley na Livingstone walisafiri kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, wakajionea kuwa mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Walipoagana mwaka 1872, Stanley aliahidi kumtumia watu na mahitaji kutoka pwani. Na kweli akatuma.

Nawe fanya hivyo hivyo. Kabla wiki haijaisha, tuma ujumbe ukitaja mliloongea. Kama uliahidi kupeleka sampuli ya mawese, ipeleke. Namba iliyolala kwenye simu mwaka mzima haina tofauti na ile kalamu ya bure.

Tukutane mwezi ujao.