Siku Tatu Zisipite

Hapa Kimisagara nyumba zimebanana. Mume na mke wakigombana, au washirika wa duka, jirani husikia. Mbona basi tunanuniana miezi? Mtume (S.A.W.) ametukataza kumsusa ndugu zaidi ya siku tatu. Tuanze kwa salamu. Wanandoa wakishindwa, Suratun Nisaa, aya ya 35, yataka msuluhishi mmoja kutoka kila upande. Kwa madeni na mali wapo abunzi, wapatanishi wa kujitolea katika seli, waliowekewa sheria mwaka 2004. Kwenda kwao si aibu. Ila kipigo hakisuluhishwi kwa kumwambia dada "vumilia". Hicho ni cha polisi. Mengine yote, atanguliaye kusalimu hapungukiwi kitu. Wabillahi tawfiq.