Manowari zikistaafu, nani hubeba mzigo?

Longonot iko mbali na bahari, na mkazi wake huenda akadhani kwamba habari za manowari hazimhusu. Hata hivyo, reli ya zamani inayopita chini ya mlima huo ndiyo iliyosafirisha vipande vya meli ya Winifred kutoka Mombasa hadi Kisumu, ambako iliundwa na kuteremshwa majini mwaka 1902. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ilifungwa mizinga, kisha ikarudia kazi ya abiria na mizigo.

Graf von Goetzen ya Wajerumani nayo ilizamishwa na wenyewe karibu na Kigoma mwaka 1916. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikahudumia wasafiri wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi kwa jina la Liemba.

Enzi hizo chombo cha vita kiliweza kugeuzwa cha raia bila shida kubwa. Manowari za baadaye ni jambo jingine. Nyingi zilijengwa kwa asbestosi, rangi zenye sumu na mafuta mazito, na anayezikata ndiye hudhurika kwanza.

Ufaransa ilionja adha hiyo mwaka 2006, ilipolazimika kuirudisha nyumbani Clemenceau, manowari ya kubebea ndege, iliyokuwa njiani kwenda kukatwa India. Hatimaye ilikatwa Uingereza. Pacha wake, Foch, iliuzwa kwa Brazil mwaka 2000 na kuitwa São Paulo. Uturuki ilipokataa kuipokea mwaka 2022, ilizungushwa baharini bila bandari ya kuipokea hadi Brazil ilipoizamisha katika Atlantiki Februari 2023.

Mkataba wa Hong Kong kuhusu ukataji salama wa meli ulianza kutumika Juni 26, 2025. Lakini mkataba huo hauzihusu manowari. Kila serikali imeachiwa dhamiri yake.

Hapo ndipo Kenya inapoguswa. KNS Nyayo na KNS Umoja, zilizoundwa Uingereza, zilipokewa mwaka 1988. Umri huo unatosha kuuliza maswali matatu: ni sumu gani iliyomo ndani ya vyombo vya namna hiyo, ni nani atakayevikata, na fedha zitatoka wapi? Majibu hayo yangepasa kuandikwa siku chombo kinaponunuliwa, wala si siku kinapoanza kuvuja gatini.

Kuuza chuma chakavu kwa mnunuzi wa kwanza huonekana faida. Lakini mvuvi akipoteza samaki na kibarua akipoteza mapafu, gharama hurudi kwa umma. Mlipa kodi wa Longonot, ambaye huenda hajawahi kuiona bahari, huchangia kununua manowari. Atachangia pia mazishi yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.