Uvimbe wa Kongosho: Kipimo Kipi cha Damu Kinafaa Kericho na Bomet?

Uvimbe wa ghafla wa kongosho huanza kwa maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, na kutapika kusikokoma. Visababishi vikuu ni vijiwe vya nyongo na pombe, chang'aa ikiwemo. Takriban wagonjwa wanane kati ya kumi hupona bila matata kwa maji ya mshipani, dawa za maumivu na chakula kidogo kidogo. Kwa waliosalia, baadhi figo au mapafu yao hushindwa kufanya kazi, na hali hiyo ikipita saa 48 ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Saa za mwanzo, macho hayawezi kuwatenga wa makundi haya mawili.

Katika nchi ya majani chai, kuwatenga ni suala la barabara. Aliyelazwa katika hospitali ya Kapkatet au Longisa anaweza kuhitaji chumba cha wagonjwa mahututi, na hospitali mojawapo inayotegemewa ni Tenwek, iliyoanzishwa Bomet mwaka 1937. Ni nani apelekwe usiku huu, na nani asubiri?

Lipasi, kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa katika damu, haijibu swali hilo. Ikifika mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida husaidia kuthibitisha ugonjwa, basi. Mwenye mara ishirini anaweza kurudi shambani baada ya siku chache, na mwenye mara nne akafa. Kuirudia kila asubuhi ni kumtoza mgonjwa bure.

Alama za Ranson za kukadiria ukali, zilizotungwa New York mwaka 1974, zina vigezo 11, na sita kati yake husubiri saa 48. Kipimo cha CRP nacho, protini ya damu inayopanda mwili unapowaka, chenye mpaka wa miligramu 150 kwa lita, hutegemewa zaidi baada ya muda huohuo. Kwa hospitali yenye chumba cha mahututi ghorofa ya juu, kusubiri si kitu. Kwa mgonjwa anayehitaji ambulensi, saa hizo ndizo alizopaswa kuwa safarini.

Kipimo kinachostahili heshima zaidi ni cha yurea, taka ya damu inayotolewa na figo; ni cha kawaida na si ghali. Ni kimoja cha vigezo vitano vya alama za BISAP za mwaka 2008, pamoja na kuchanganyikiwa, umri wa zaidi ya miaka 60, maji kandoni mwa mapafu, na dalili za mwili kuwaka: homa, mapigo, pumzi na chembe nyeupe. Muuguzi hupata mengi ya hayo kitandani. Ila namba moja haitoshi. Chukulia mgonjwa aliyeingia jioni na yurea ya milimoli 7 kwa lita, na alfajiri, baada ya maji ya kutosha, imefika 10. Huyo asisubiri duru ya daktari.

Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, husomwa vivyo hivyo. Vitabu huweka mpaka wa asilimia 44, lakini Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wakazi wa nyanda za juu kwa kawaida huwa na damu nzito kidogo. Kutoshuka kwake baada ya maji ndiko kunakotisha.

Hakuna alama isiyokosea. Wapo wanaotabiriwa nafuu wakazidiwa. Isitoshe, hakuna dawa maalumu inayongoja utabiri huo. Hata maji mengi hayakuleta faida: katika utafiti wa WATERFALL wa mwaka 2022, takriban mmoja kati ya watano waliopewa kwa wingi alizidiwa na maji mwilini, dhidi ya mmoja kati ya kumi na sita waliopewa kwa kiasi. Kinachobaki ni kuamua mgonjwa alale wapi na atazamwe mara ngapi.

Kwa hiyo kaunti, ambazo zimesimamia hospitali za umma kama Kapkatet na Longisa tangu ugatuzi wa 2013, zihakikishe vitendanishi vya yurea na mtaalamu wa maabara wanapatikana usiku na wikendi, kabla ya kununua mashine ya kipimo chochote kipya.