Ua wa Mnyaa na Ua la Lantana

Msafiri apitaye Misungwi, katika nchi ya Wasukuma kusini ya mji wa Mwanza, huona maboma yaliyozungukwa na ua wa kijani, kama usio na majani. Huo ndio mnyaa, ambao wengi huuita manyara. Penginepo huona kichaka kingine, chenye majani ya kukwaruza na vishada vya maua madogo, ya manjano, ya waridi na mekundu. Hicho ni lantana. Mimea hii miwili si ya ukoo mmoja. Mnyaa ni wa Afrika, na ndugu zake ni muhogo na mbarika. Lantana asili yake ni nchi za joto za Amerika, ikapandwa kwingi kwa ajili ya uzuri wake.

Wako wasemao kwamba lantana ndiyo bora, kwa kuwa vipepeo huyafuata maua yake, hali maua ya mnyaa ni madogo hata mtu hayatambui. Maneno yao si uongo, lakini hayatoshi. Ua wa boma haupandwi ili utazamwe tu. Wapandwa ulinde mifugo na shamba.

Basi na ipimwe kwa kazi. Mnyaa hupandwa kwa kukata tawi na kulichomeka ardhini. Hustahimili kiangazi, wala ng'ombe na mbuzi hawautamani. Lantana haikai pale ilipopandwa. Ndege hula matunda yake meusi na kuzitupa mbegu mbali, vichaka vikaota malishoni na kuzisonga nyasi. Tena majani yake yana sumu: ng'ombe ayalaye kwa njaa huharibika ini, na ngozi yake huungua kwa jua. Kwa mfugaji wa Kisukuma, ambaye ng'ombe ni akiba yake na mahari ya mwanawe, hiyo si hasara ndogo.

Mnyaa nao una ila yake. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vikali, na waweza kupofusha. Lakini hatari hiyo yazuilika: watoto wafundishwe wasivunje matawi kwa mchezo, na aliyepatwa aoshwe jicho kwa maji mengi safi, kisha apelekwe hospitali upesi. Mtoto akikanywa husikia. Mbegu iliyochukuliwa na ndege haikanyiki.

Kwa hiyo mwenye boma na apande mnyaa, na lantana aing'oe ingali changa. Atakaye ua la kupamba mlango, yako maua mengine tele yasiyo na sumu. Atakaye ua wa kulinda mali, asiuchague kwa rangi.