Mtani Asiyezika: Kejeli ya Mgeni Mkaazi na Masharti ya Utani

Utangulizi

Miongoni mwa tanzu ambazo wahakiki wa Kiswahili wamezipa kisogo ni maoni ya kejeli yanayoandikwa na mgeni mkaazi kutoka Ulaya kuhusu nchi inayomhifadhi. Mwandishi wa aina hii si mtalii wa wiki mbili, wala si mtaalamu wa elimu-jamii. Ni mtu aliyekuja kufundisha, kufanya biashara, kuliandikia gazeti la kwao au kukimbia vita, akakaa, kisha akaanza kuokota habari za ajabu, vituko vya siasa na mila za wenyeji wake na kuzigeuza kuwa kicheko. Sauti yake huwa ya upole, nusu mapenzi na nusu dharau, na msomaji hawezi daima kujua nusu ipi inazungumza.

Maandishi hayo hupokewa kwa namna mbili. Wako wanaoyakasirikia na kuyaita mabaki ya ukoloni, na wako wanaoyashangilia kwa hoja kwamba mgeni huona ambayo mwenyeji ameyazoea. Misimamo yote miwili ina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata mmoja unaotoa kipimo. Wa kwanza unamhukumu mwandishi kwa asili yake, na wa pili unamsamehe kwa sababu hiyo hiyo. Makala haya yanadai kwamba kipimo kinachofaa kimo tayari katika jamii za Afrika Mashariki, nacho ni utani.

Masharti ya utani

Utani, kama unavyofahamika Tanzania, si mzaha wa ovyo. Ni uhusiano wa jadi baina ya babu na mjukuu, baina ya mashemeji, baina ya koo na baina ya makabila. Utani mwingine wa makabila ulizaliwa na vita vilivyokwisha kwa mapatano; mwingine ulizaliwa na misafara ya biashara ya karne ya 19, ambapo Wanyamwezi walipita katika nchi za watu wengine wakielekea pwani, wakahitaji maji, chakula na mahali pa kulala.

Uhusiano huo una masharti matatu. La kwanza ni kwamba ni wa pande mbili: anayetania hutaniwa, naye hana ruhusa ya kununa. La pili ni kwamba mtani humjua mtaniwa, kwa kuwa mzaha wenyewe hutegemea historia ambayo wote wawili wanaikumbuka. La tatu, na ndilo zito zaidi, ni kwamba utani una kazi. Msibani mtani huwachekesha wafiwa, hata akamwigiza marehemu. Lakini ndiye huyo huyo anayeshika jembe kaburini na kuhudumia waombolezaji. Mtu anayefanya mzaha msibani kisha akaondoka kabla ya maziko si mtani. Ni mtukanaji.

Wageni waliofuzu

Wako wageni wakaazi ambao maandishi yao yanastahimili kipimo hiki. George Mikes, Mhungaria, alitumwa London mwaka 1938 kuliandikia gazeti la Budapest habari za mgogoro wa Munich. Alikusudiwa kukaa kwa muda mfupi tu. Akakaa hadi alipofariki mwaka 1987. Kitabu chake How to be an Alien, kilichotoka mwaka 1946, kinawacheka Waingereza kwa chai yao, kwa mazungumzo yao yasiyokwisha kuhusu hali ya hewa, na kwa adabu yao inayoficha kila kitu. Mikes mwenyewe alitarajia kwamba wenyeji wangekasirika. Badala yake walikinunua na kukicheka.

Sababu za mapokezi hayo si ucheshi peke yake. Mikes aliandika kwa Kiingereza, lugha ya wale anaowacheka, mbele ya macho yao, katika mji aliokuwa akiishi nao. Kila sentensi yake ingeweza kujibiwa kesho yake asubuhi. Zaidi ya hayo, jina la kitabu linamtaja mgeni na si mwenyeji: anayechekwa kwanza ni huyo anayejitahidi bila mafanikio kuwa Mwingereza. Na jembe alilishika, kwani wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika matangazo ya BBC kwa Kihungaria.

Alistair Cooke ni mfano wa pili. Mwingereza huyu, mzaliwa wa Salford, alichukua uraia wa Marekani mwaka 1941, na kuanzia mwaka 1946 hadi 2004 alitangaza kwa redio ya BBC barua zake za kila wiki kutoka Marekani, zipatazo 2,869. Hadhira yake ilikuwa nje ya Marekani, na hapo sharti la kwanza linayumba. Hata hivyo, Wamarekani walimfahamu vyema, kwa kuwa kwa miaka mingi alionekana katika televisheni yao. Hakuwa na mahali pa kujificha. Sharti la tatu lilidhihirika Juni 1968, Robert Kennedy alipopigwa risasi katika hoteli mjini Los Angeles. Cooke alikuwamo hotelini humo. Barua iliyofuata haikuwa na kicheko. Mtani alikuwa msibani.

Habari za ajabu

Tatizo huonekana wazi zaidi pale mgeni mkaazi anaposhughulikia kile kinachoitwa habari ya ajabu. Mfano unaojulikana sana ni wa popobawa. Mwaka 1995 hofu ya pepo huyo ilienea Pemba na Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, wakiwasha mioto, kwa kuamini kwamba aliyelala peke yake ndani ndiye atakayeshambuliwa. Kwa mwandishi wa vituko habari hii haihitaji kiungo: ina bawa, ina usiku, ina kisiwa cha karafuu. Ikasafiri mbali, na hadi leo hurudiwa katika orodha za mambo ya kuchekesha duniani.

Lakini hofu hiyo ilitokea miezi michache kabla ya uchaguzi wa Oktoba 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi ya 1964, katika visiwa ambavyo kila familia ilikuwa na kumbukumbu zake za siasa na za usiku. Katika hofu hiyo hiyo, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati mjini Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye popobawa. Anayesimulia mbawa bila kusimulia uchaguzi, na popo bila maiti, amesimulia nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye uzito.

Inafaa mzani ugeuzwe. Mfalme wa Uingereza anapokwenda kufungua Bunge, mbunge mmoja hushikiliwa katika kasri lake kama dhamana hadi mfalme arudi salama. Mjumbe wake anapofika kuwaita wabunge, mlango hufungwa kwa kishindo usoni pake, naye hulazimika kuubisha mara tatu kwa fimbo. Huko Marekani, kila tarehe 2 Februari, katika mji wa Punxsutawney, watu wazima waliovaa kofia ndefu humtoa shimoni mnyama wa jamii ya kindi na kumwuliza kama majira ya baridi yatarefuka. Desturi hiyo ilianza mwaka 1887. Mwandishi kutoka Tanga au Lamu angeweza kuandika safu ya mwaka mzima kwa mambo haya mawili.

Hata hivyo, mlango unaofungwa London una maana. Unakumbusha mwaka 1642, Mfalme Charles wa Kwanza alipoingia Bungeni na askari kuwakamata wabunge watano, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata. Anayeijua historia hiyo bado anaweza kucheka, lakini kicheko chake kimebadilika. Basi ajabu si sifa ya jambo lenyewe. Ni jambo lililokatwa historia yake, na mkasi uko mkononi mwa msimulizi.

Gharama ya kicheko

Swali lingine ni nani anayelipia mzaha. Wahome Mutahi, aliyewachekesha Wakenya kwa safu yake ya Whispers hadi alipofariki mwaka 2003, alikamatwa mwaka 1986 kwa tuhuma za kuhusika na harakati za siri za Mwakenya, akafungwa. Riwaya yake Three Days on the Cross ya 1991 imetokana na mateso ya wakati huo. Mgeni mkaazi anayeikejeli serikali hiyo hiyo kwa kawaida huhatarisha kibali chake cha kuishi. Adhabu yake kubwa ni kurudishwa kwao. Yafaa ikubaliwe kwamba usalama huo umewahi kuwa na manufaa, kwa kuwa yako mambo ambayo mgeni aliweza kuyachapisha wakati mwenyeji amezibwa mdomo. Lakini ujasiri usio na gharama hauwezi kuhesabiwa sawa na ule wenye gharama, na mhakiki anayeviweka vyote katika fungu moja la tashtiti ameacha kupima.

Lugha nayo ni sehemu ya gharama. Maandishi mengi ya wageni kuhusu Afrika Mashariki yameandikwa kwa Kiingereza, Kijerumani na lugha nyingine za Ulaya, kwa ajili ya watu wa Ulaya. Intaneti imeyafikisha karibu, lakini hadhira iliyokusudiwa haijabadilika: mtaniwa anazungumziwa, hazungumziwi naye.

Upande wa pili wa utani haukukosa watu. Amur bin Nasur, aliyefundisha Kiswahili Berlin katika miaka ya 1890, aliandika habari za maisha yake huko. Salim bin Abakari alisimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, na masimulizi hayo yamo katika Safari za Wasuaheli ya Carl Velten ya 1901. Kabla yao Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1886 kwa Kijerumani, akazipima desturi za Ulaya kwa kipimo cha kwao. Hoja zake kuhusu utumwa hazikubaliki, lakini alithubutu kuwaambia wenyeji wake ana kwa ana. Maandishi ya watu hawa husomwa leo kama ushahidi wa historia na sampuli za lahaja. Ni nadra kusomwa kama kejeli, ingawa jicho lao ni la mgeni anayeshangaa na kupima.

Hitimisho

Idara za Kiswahili zina kazi mbili hapa. Ya kwanza ni kuyatafsiri kwa Kiswahili maandishi ya kejeli ya wageni wakaazi, mazuri na mabaya, na kuyafundisha sambamba na ya kina Mutahi. Tafsiri itakuwa hukumu yenyewe: mzaha unaoweza kusomwa kwa sauti barazani Pemba mbele ya waliolala nje mwaka 1995, nao wakacheka au wakajibu, ni utani. Mzaha unaomfanya mfasiri aone haya kuusoma haukuwa umekusudiwa kusikiwa na mhusika.

Ya pili ni kuwarudisha Amur, Salim na Salme katika darasa la tashtiti, ili mwanafunzi anayekwenda kusoma Leipzig au Chicago ajue kwamba ana watangulizi, na kwamba anaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili kuhusu vituko atakavyovikuta huko. Masharti yatamhusu yeye pia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hawakusema jembe hilo ni la wageni wa Ulaya peke yao.