Miaka Kumi ya Maabara, Posa ya Wiki Mbili



Mabiharusi wengi ninaowashonea siku hizi wana digrii, na hilo linanifurahisha. Kinachonikera ni maneno ya mama na mawifi wakati wa kupima nguo: "Si keshapata digrii yake, basi imetosha." Kwa kazi nyengine labda imetosha. Kwa binti aliyesomea elimu ya vijidudu vya maradhi, akitaka kufundisha chuo kikuu na kufanya utafiti, digrii ya kwanza ni kitambaa kilichokatwa tu. Nguo bado.

Hesabuni wenyewe. Shahada ya kwanza miaka 3, uzamili 2, uzamivu 3 au 4 na mara nyingi zaidi. Inakaribia miaka 10, na ndiyo hiyo hiyo miaka ya posa, mimba na kunyonyesha. Mabinti zetu wanaachia hapo, tena wenye akili zao.

Na kazi yenyewe haina saa. Asubuhi anasomesha, mchana yumo maabara na wanafunzi, halafu ana utafiti wake. Chukueni kipindupindu. Choo cha mgonjwa hupakwa kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu cha rangi ya kijani, kikawekwa kwenye joto la nyuzi 37 kama la mwili. Baada ya saa 18 mpaka 24 huota vidoa vya manjano. Vikiota siku ya Sikukuu, vinasomwa Sikukuu. Mume asiyeambiwa haya mapema atadhani mkewe anatafuta visingizio.

Mtazameni Profesa Firdausi Qadri wa Bangladesh, Muislamu mwenzetu. Alisoma Chuo Kikuu cha Dhaka, akachukua uzamivu Liverpool, Uingereza, mwaka 1980, akarudi kwao kufundisha. Mwaka 1988 akaingia icddr,b, kituo kikubwa cha utafiti wa maradhi ya kuharisha kilichopo Dhaka. Mwaka 2011 yeye na wenzake walipeleka chanjo ya kunywa ya kipindupindu, ya bei nafuu, kwenye mitaa ya watu masikini ya Mirpur. Utafiti ule ulihusu watu zaidi ya 260,000, na kwa waliokunywa chanjo kipindupindu kikali kilipungua kwa nusu na zaidi kidogo. Mwaka 2021 akapewa tuzo ya Ramon Magsaysay. Tokea uzamivu mpaka Mirpur ni miaka 31. Angeambiwa "imetosha" na digrii moja, ingekuwaje?

Sisi visiwani kipindupindu hatuhadithiwi. Mwaka 2009 baadhi ya shehia za Unguja na Pemba zilipewa chanjo ya kunywa pia. Tunajua kikizuka huwa vipi: juisi harusini watu wanaitazama kwa jicho la pembeni, na kila mtu anauliza maji yametoka wapi. Wa kulijibu suali hilo kwa uhakika ni mtu wa maabara. Halafu sisi wanawake ndio wa mwanzo kudai daktari wa kike, na binti yetu akitaka kuendelea kusoma tunamwambia umri unakwenda!

Simwambii mtu asiolewe, mimi ndoa ndiyo riziki yangu. Nasema posa ikija, mambo haya yazungumzwe mbele ya wazee kama yanavyozungumzwa mahari: miaka imebaki mingapi, ada analipa nani, watoto atabaki nao nani. Akipata nafasi ya kusoma nje, atafuatana na nani? Kuhusu kuliweka sharti la masomo ndani ya akdi, masheikh wana kauli tofauti, kwa hivyo muulizeni kadhi kabla ya siku ya ndoa, si baada ya fungate.

Na nyumba pia iulizwe. Bwana harusi akisema mtaanza kukaa kwa mamaake shamba, mwendo wa daladala mbili mpaka chuoni, mwambieni vile visahani vinataka kusomwa asubuhi na mapema.